Si pH, Ni Kilichomo Majini

pH ni kipimo cha wingi wa ayoni za haidrojeni ndani ya maji. Kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, na kimejengwa juu ya ngazi ya makumi: maji ya pH 6 yana ayoni hizo mara 10 kuliko maji ya pH 7, na mara 100 kuliko maji ya pH 8. Chini ya 7 maji yana asidi, juu ya 7 yana alikali. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza kipimo hiki kinapofikishwa kwenye tangi la samaki wa mapambo sebuleni, kwa kuwa huko kimepewa madaraka yasiyo yake.

Imani iliyoenea miongoni mwa wafugaji ina sura mbili. Wanaoanza huambiwa kwamba 7 ndiyo salama kwa kila samaki, eti kwa sababu iko katikati. Waliosonga mbele kidogo huambiwa kwamba kila samaki ana namba yake, na kwamba kazi ya mfugaji ni kuifikia namba hiyo na kuishikilia, kwa chupa ya dawa ya kupandisha, chupa ya dawa ya kushusha, au kwa ndimu, siki, magadi na chokaa pale ambapo chupa hazipatikani. Sura zote mbili zinaangukia kosa moja. Zinaichukulia pH kama kitu kinachotiwa majini, ilhali pH ni matokeo ya vitu vingine vilivyomo majini. Mfugaji anayeyashughulikia matokeo na kuacha chanzo hupoteza fedha kwanza, kisha hupoteza samaki.

Katika maji ya kawaida ya bomba, kisima au ziwa, pH huamuliwa na pande mbili. Upande mmoja ni baikaboneti, chumvi ambazo maji huziokota yanapopita kwenye miamba na udongo. Hizo ndizo zinazoyapa maji ualikali, yaani uwezo wa kumeza asidi bila kubadilika sana. Upande wa pili ni kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka, ambayo hugeuka asidi hafifu. Baikaboneti ikiwa nyingi na kaboni dayoksaidi ikiwa chache, pH hupanda; kinyume chake hushuka. Maji yaliyoachwa wazi yakapigwa hewa vya kutosha hubaki na kaboni dayoksaidi kidogo tu, ile inayolingana na hewa iliyopo. Baada ya hapo, kinachobaki kuamua pH ni ualikali peke yake.

Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo lote, na wauzaji wa chupa hawapataji. Maji yenye ualikali wa miligramu 50 hivi kwa lita, kwa hesabu inayotumia kalsiamu kaboneti, yakipigwa hewa hutulia karibu na pH 8. Yenye miligramu 300 na ushei hutulia karibu na 9. Hakuna dawa ya kushusha itakayoyaweka maji hayo ya pili kwenye 7 na yakakaa hapo, ila iumalize ualikali wenyewe. Na maji yasiyo na ualikali ni hatari kuliko maji ya pH yoyote iliyo ya kawaida.

Ndoo ya lita 20 inatosha kulithibitisha hilo katika nyumba yoyote ya Mtendeni, mjini Tabora. Maji ya bomba yatiwe ndani, yalale usiku mmoja na pampu ndogo ya hewa, kisha yapimwe kwa matone yale yanayobadili rangi: bluu kwa alikali, kijani kwa katikati, njano kwa asidi. Yatatoa bluu. Ikikamuliwa nusu ya ndimu ndogo na maji kukorogwa, kipimo kinageuka njano papo hapo, na mwenye tangi angeweza kuamini kwamba amefaulu. Lakini asidi ya ndimu imefanya jambo moja tu: imeila sehemu ya baikaboneti na kuigeuza kaboni dayoksaidi. Pampu inaendelea kuitoa kaboni dayoksaidi hiyo, na asubuhi rangi inakuwa imeanza kurudi. Siku zinazofuata bakteria huila sitreti iliyotoka kwenye ndimu na kurudisha baikaboneti majini, wakitumia oksijeni ambayo samaki wangeihitaji. Mfugaji anakamua tena. Samaki aliyemo humo hushushwa kwa ghafla na kupandishwa tena na tena, na mshtuko wa namna hiyo si ule mpando na mshuko wa taratibu anaoujua ziwani au mtoni.

Tabora ni mahali pafaapo kulichambua suala hili, kwa sababu mji umekaa baina ya maji mawili yasiyofanana. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa kuelekea Ujiji. Reli ya kati ikaifuata, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, ambao Kigoma huwasafirisha hadi Ulaya, Marekani na Asia, huweza kufika Tabora kwa njia hiyo hiyo. Maji, hata hivyo, yanatoka upande mwingine. Mji uliotegemea mabwawa ya Igombe na Kazima sasa hupata maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa na kusafishwa Ihelele, wilayani Misungwi, na kusukumwa kwa bomba kupitia Nzega. Kwa hiyo mkaazi wa Mtendeni anayefuga samaki wa Tanganyika anawaweka katika maji ya Victoria.

Tofauti ya maziwa hayo ni kubwa. Maji ya Victoria ni laini. Sehemu kubwa yametokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na ualikali wake ni karibu miligramu 50 kwa lita. Shabu inapotumika kusafishia maji hupunguza hata kile kidogo kilichopo. Tanganyika ni habari nyingine. Mto Rusizi huleta chumvi nyingi kutoka Ziwa Kivu, lililozungukwa na miamba ya volkano, na maji mengi ya Tanganyika huondoka kwa kuvukizwa na jua. Mto Lukuga, mlango pekee wa kutokea, hubeba sehemu ndogo. Kinachovukizwa ni maji, chumvi hubaki. Kwa maelfu ya miaka zimejikusanya hadi ualikali ukazidi miligramu 300 kwa lita, na magnesiamu ikafika karibu miligramu 40 huku kalsiamu ikiwa karibu 10 tu. pH ya karibu 9 inayonukuliwa katika kila kitabu cha samaki wa Tanganyika imetokana na mpangilio huo wa chumvi. Anayenukuu 9 na kuacha chumvi zake amenukuu kivuli.

Tena hata hiyo 9 ni ya juu ya maji tu. Kadiri mtu anavyozama Tanganyika, kaboni dayoksaidi inayotokana na mabaki yanayooza huongezeka, na pH hushuka kuelekea 8.6 na ushei. Samaki wakubwa wenye nundu wa jenasi ya Cyphotilapia, wanaokaa kwenye vina vya makumi ya mita, hawaishi katika pH ile ile ya wadogo wanaokwangua mwani kwenye miamba ya ufukweni. Kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu, pH ya alfajiri si ya saa kumi alasiri: mimea hunyonya kaboni dayoksaidi mchana na pH hupanda, usiku hupumua na pH hushuka. Tangi lenye mimea hufanya vivyo hivyo, na samaki hawadhuriki. Ushahidi huu pekee ungetosha kuiangusha imani ya namba moja isiyotikisika. Badiliko linaloletwa na kaboni dayoksaidi ni jambo la kila siku katika maisha ya samaki. Badiliko la ghafla la chumvi zilizoyeyuka ndilo linalowalemea, kwa kuwa mwili wa samaki hufanya kazi mfululizo ya kulinganisha chumvi za damu yake na za maji anamoishi.

Visima vya Unyamwezi vinafundisha somo hilo hilo. Maji yanayotoka chini ya miamba ya matale huwa yamejaa kaboni dayoksaidi ya ardhini. Yakipimwa pale pale kisimani husoma chini, pengine chini ya 7, na mwenye tangi hukimbilia kuyapandisha. Yakiachwa siku moja na pampu ya hewa, hupanda yenyewe bila senti kutumika. Kipimo kilichochukuliwa kisimani kilikuwa sahihi. Kosa ni kudhani kwamba kilieleza maji yatakayokuwa tangini.

Kuhusu njia za kienyeji za kupandisha, ni muhimu kuzitenganisha, kwa sababu watu huziweka kapu moja na madhara yake hayalingani. Chumvi ya mezani haipandishi pH wala ualikali. Imani kwamba samaki wa Tanganyika wanahitaji chumvi hiyo ina ukoo mrefu: J. E. S. Moore, mwanazoolojia Mwingereza aliyefika ziwani mara mbili katika miaka ya 1890, aliona konokono wanaofanana na wa baharini akadai kwamba ziwa lilikuwa mkono wa bahari uliokatika. Sayansi iliitupa nadharia hiyo zamani, lakini mazoea ya kutia chumvi yamebaki. Uvinza, iliyopo kando ya njia hiyo hiyo ya misafara, imechemsha chumvi na kuiuza kwa karne nyingi, na ni chumvi njema kwa ugali na mboga. Katika tangi la samaki wa Tanganyika haina kazi. Chokaa ya kupakia ukuta ni hatari kabisa, kwani hupandisha pH hadi juu ya 11 kwa kijiko kimoja kilichokosewa. Magadi ya mawe huyapeleka maji karibu na 10, tena hubeba floridi kwa kiasi kisichojulikana na anayetumia. Makombe na mawe ya matumbawe ni salama, lakini nguvu yao ina mpaka: huyeyuka haraka maji yanapokuwa na asidi, na pH inapopita 8 huyeyuka kwa shida au huacha kabisa. Yanafaa kuzuia kuporomoka. Hayawezi kutengeneza Tanganyika.

Sasa yafuatayo ndiyo yanayoua. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao. Majini amonia hukaa kwa sura mbili: amoniamu, ambayo haina sumu kali, na amonia huru, ambayo ni sumu. Mgawanyo wake hutegemea pH na joto. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, kwenye pH 7 amonia huru haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 hupita theluthi moja. Mtu anayekuta tangi lake liko 7, akamwaga dawa na kulifikisha 9 jioni hiyo, ameizidisha sumu zaidi ya mara 50 bila samaki kutoa hata tone jipya la uchafu. Asubuhi samaki wako juu wanahema, na lawama hutupiwa pH iliyokuwa chini jana yake. Ilikuwa imewakinga.

Hali hiyo hujitokeza kwa namna ya kuumiza zaidi kwenye mfuko wa plastiki unaotoka Kigoma. Samaki aliyefungwa kwa saa nyingi hupumua, kaboni dayoksaidi hujikusanya, pH ya mfuko hushuka, na amonia yake hubaki katika sura ya amoniamu. Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kuufungua mfuko na kutia maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima ili samaki aizoee pH. Kwa mfuko wa safari fupi ushauri huo hauna neno. Kwa mfuko uliosafiri usiku kucha ni hukumu. Mara unapofunguliwa kaboni dayoksaidi hutoka, maji ya tangi yenye alikali huingia, na amoniamu yote iliyolundikana hugeuka sumu huku samaki angali ndani yake. Kinachotakiwa ni mfuko kuelea tangini ukiwa umefungwa hadi joto lilingane, kisha samaki kuhamishwa kwa wavu mara moja, na maji ya mfuko kumwagwa nje. Sharti lake ni maji ya tangi kuwa yametayarishwa kabla yawe na chumvi zinazokaribiana na za ziwa, na yasiwe na amonia.

Muuaji wa pili huja polepole. Bakteria wa kwenye kichujio huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, na katika kazi hiyo hutoa asidi. Kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayosafishwa hula takriban miligramu 7 za ualikali. Ualikali ni kama nafaka ya ghalani: pH haionyeshi njaa waziwazi mpaka debe la mwisho liishe. Maji ya bomba la Tabora yenye akiba ya miligramu 50 yatakuwa yameimaliza yote naitreti itakapokaribia miligramu 30 kwa lita, kiwango ambacho tangi lenye samaki wengi na lisilobadilishwa maji hukifikia kwa urahisi. Hadi siku hiyo kipimo cha pH kitakuwa kimeshuka pole pole tu. Baada yake huporomoka hadi 6 au chini, bakteria huzorota, amoniamu hujaa. Mwenye tangi anashtuka, anabadilisha nusu ya maji kwa mkupuo, pH inaruka, na hadithi ya sumu inarudi. Mtu aliyekuwa akipima pH peke yake alikuwa na dalili hafifu tu kwamba jambo hili linakuja. Aliyekuwa akipima ualikali angeliona wiki kadhaa mapema.

Watetezi wa namba wana hoja zenye uzito, na hazistahili kupuuzwa. Ni kweli kwamba pH ya 4 au ya 11 huua kwa yenyewe, ikiunguza matamvua na ngozi. Ni kweli kwamba baadhi ya samaki wa mito ya msituni, wa Amazon na wa Bonde la Kongo, hawatotoi vizuri katika maji yenye alikali nyingi. Ni kweli pia kwamba samaki wa Tanganyika waliowekwa katika maji laini ya asidi hudhoofika. Lakini kila hoja kati ya hizi, ikifuatiliwa, inaongoza kwenye chumvi. Anayetaka samaki wa Amazon wazaliane hana budi kupunguza chumvi, kwa mvua iliyokingwa vizuri kwa mfano, na pH itashuka kwa kuifuata hali hiyo. Majani makavu ya mkungu yatasaidia hapo, kwa kuwa katika maji laini asidi yake hafifu haina cha kupambana nacho. Katika maji ya alikali majani hayo hayo hugeuza rangi ya maji kuwa ya chai na pH ikabaki ilipokuwa. Na samaki wa Tanganyika waliozaliwa vizazi kadhaa katika matangi ya Ulaya huishi na kuzaa katika pH ya 8 na kidogo, mradi maji yao ni magumu kiasi, yana ualikali na ni safi. Namba 9 haikuwa sharti.

Hoja nyingine ni ya urahisi: karatasi za pH ni rahisi kupata, kipimo cha ualikali kinahitaji kuagizwa. Hilo ni kweli, na linaeleza kwa nini imani hii imedumu. Kitu kinachopimika kwa urahisi huanza kuonekana muhimu kuliko kisichopimika. Hata hivyo chupa moja ya kipimo cha ualikali, inayohesabiwa kwa matone hadi rangi igeuke, hutumika kwa miezi mingi, na mfugaji aliyeacha kununua dawa za kupandisha na kushusha atakuwa tayari ameilipia.

Usimamizi unaofaa Tabora unafuata kutoka kwenye hayo. Maji ya bomba yawekwe kwenye pipa, yapigwe hewa siku nzima ili klorini iondoke na kaboni dayoksaidi ilingane na hewa, ndipo yapimwe ualikali na pH. Kwa samaki wa kawaida wa dukani, kuanzia gapi hadi dhahabu, maji hayo yanatosha kama yalivyo, na kinachotakiwa ni kubadilisha robo ya tangi kila wiki ili akiba isikauke. Kwa samaki wa Tanganyika chumvi zitiwe kwenye pipa, kamwe si tangini. Gramu 1 ya baikaboneti ya sodiamu katika lita 100 huongeza ualikali kwa takriban miligramu 6 kwa lita; gramu 30 na ushei huufikisha kwenye 230 au 250, ambako samaki hao hustawi. Iwe baikaboneti tupu, wala si unga wa kuumulia keki uliochanganywa na asidi. Gramu 1 ya chumvi ya haluli katika lita hizo 100 huongeza magnesiamu kwa karibu miligramu 1 kwa lita bila kuigusa pH, na gramu 30 hadi 40 zinakaribia kiwango cha ziwa.

Baikaboneti ina sifa ambayo magadi na chokaa hazina: mchanganyiko wake husimama karibu na 8.3 na kupanda taratibu kadiri hewa inavyopita, kwa hiyo mkono ukizidi kidogo hakuna mripuko. Tangi ambalo tayari lina samaki katika maji laini lisigeuzwe siku moja. Amonia ipimwe kwanza, na ikiwepo iondolewe kwa kubadilisha maji yenye ualikali ule ule wa tangi. Baada ya hapo ndipo maji ya pipa lenye chumvi yaanze kuingizwa, robo kwa wiki, mpaka pipa na tangi vilingane. pH iendelee kupimwa saa ile ile ya siku, asubuhi kabla ya taa kuwashwa au alasiri, bila kuchanganya. Ikishuka wiki hadi wiki, ualikali upimwe siku hiyo hiyo, na kiasi cha chakula na idadi ya samaki viangaliwe. Ikitofautiana na kitabu kwa nusu namba huku samaki wakila, wakichimba mchanga na kulinda mayai yao, maji yaachwe.